Ingata Ndani ya Kofia

Mimi nimekatazwa kugonga kichwa. Wenzangu wa umri huu wanakatazwa chumvi, wengine nyama nyekundu, mimi nimekatazwa kugonga kichwa. Aliyenikataza ni daktari kule Kibondo, na aliweka kalamu chini kwanza ndipo akasema: "Mama, safari hii umepona. Ukikigonga tena kichwa hiki, sikuahidi kitu."

Nilikuwa nimeanguka Kumsenga. Miaka hiyo kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilikuwa bado ina watu, nami nilikuwa napita vijijini kupima watoto uzito na kuwafundisha mama zao kupika uji wenye maana. Siku hiyo nilipanda bodaboda, mvua imetoka kunyesha, mteremko umekuwa sabuni. Dereva elementi, ile kofia ngumu ya pikipiki, anayo, lakini ameitundika kwenye kioo, eti kichwani inamletea joto. Tukaenda chini wote. Yeye alichubuka kiwiko. Mimi nilizinduka kesho yake nikiwa na bandeji, na chini ya bandeji kuna jeraha juu ya jicho la kushoto, pale nywele zinapoanzia. Jeraha lilifunga likaacha kovu, lakini kwa muda mrefu baadaye nilikuwa napoteza maneno madogo madogo. Kijiko nakiona, nakishika, jina lake halipo. Nasimama jikoni kwa watu naulizia kile cha kukorogea, watoto wanacheka, nami natamani ardhi inimeze.

Maneno yalirudi. Kambi ikafungwa, kazi ikaisha, nikarudi kwetu Heru Juu, kwa mama. Tunaishi wawili. Mume sina, na hiyo ni habari nyingine isiyo na faida. Tulilima mihogo na maharage kama kila mtu, mpaka nikasikia kuna mradi Kasulu mjini unatafuta wanawake wanaojua mambo ya lishe. Nikaenda, wakanichukua, wakanipa baiskeli ya gia, yenye matairi mapana ya kupandia milima, na kofia yake ngumu. Sharti lao lilikuwa hilo tu: bila kofia hupandi baiskeli, na bila baiskeli huna kazi. Wenzangu waliguna. Mimi sikuguna. Niliipokea ile kofia kwa mikono miwili, nikawa nataka hata kuibusu.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipoivaa.

Jamani, ile kofia ilikuwa kubwa halafu inabana. Najua inasikika kama maneno ya mlevi. Lakini kichwa changu ni kirefu, nimekirithi kwa baba, na ile kofia ilitengenezwa na mtu aliyedhani vichwa vyote ni mviringo kama chungwa. Pembeni, juu ya masikio, ilibaki nafasi ya kupitisha kidole. Mbele na nyuma ilikaba. Na huko mbele ilikuwa na ukanda wa plastiki unaozunguka kichwa kwa ndani, na huo ukanda, katika sehemu zote za kichwa cha binadamu, ulichagua kukaa juu ya kovu langu. Nikipanda kilima kimoja tu, kovu linaanza kupwita. Nikifika kijijini nikiivua, kuna mstari kwenye paji la uso, na jicho la kushoto linatoa machozi lenyewe. Akina mama wakaanza kuniuliza kama nimefiwa.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wenzangu waliniambia utazoea. Msimamizi wetu akaniambia nizungushe kile kigurudumu cha nyuma kinacholegeza. Nikalegeza mpaka mwisho, kovu likapumua, kofia ikaanza kunishukia machoni nikiwa kwenye mteremko, sioni njia. Nikiirudisha nyuma kwa mkono mmoja, baiskeli inayumba. Niambie basi, hapo nimekingwa au nimetegwa?

Na vijana wa bodaboda pale stendi ya Kasulu hawana dogo. "Sista, umevaa chujio?" "Mama lishe, uji umeiva huko ndani?" Niliwajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nina hasira za karibu, sikatai. Ila nilikuwa naumwa kichwa, na mtu anayeumwa kichwa halafu anaogopa kichwa chake hana nafasi ya utani. Kila usiku kabla sijalala nilikuwa najipima: kijiko, mwiko, ungo, kizingiti. Maneno yote yakija, nalala.

Sasa mama yangu. Mama hajasoma na hajawahi kupanda baiskeli hata ya kubebwa nyuma, lakini kama kuna chuo cha kubeba vitu kichwani, yeye ndiye angekuwa mkuu wake. Amebeba maji, kuni, magunia ya mihogo, mikungu ya ndizi, bati za nyumba hii tunayoishi, na dada yangu mgonjwa ndani ya tenga. Katikati ya kichwa chake pana uwazi ambao nywele zilishakata tamaa. Siku nilipoleta kofia nyumbani aliigeuzageuza, akapitisha vidole kwenye yale matundu ya hewa, akasema kwa Kiha chake, kwa sababu Kiswahili mama anakitumia sokoni tu, "Chungu kilichotoboka hivi kitazuia nini?" Nikamwambia ni ya upepo. Akasema, "Upepo nao unavaa kofia!" Tulicheka siku hiyo.

Alipoona mstari kwenye paji langu na jicho linalotoa machozi hakucheka tena. Aliniketisha kwenye mkeka, akanivalisha kofia, akanitazama mbele, akanitazama upande, akashika kiuno. "Yewe! Nani alikufundisha kuweka kitu kigumu kichwani bila ingata?"

Ingata ni kile kitambaa au majani ya mgomba unayoyaviringa duara, unaweka kichwani, kisha mzigo juu yake. Waswahili wa mjini wanasema kata. Kwetu msichana anaanza kuijua ingata kabla hajajua kujifunga khanga. Chungu bila ingata kinateleza na kinaumiza. Mwenye kubeba bila ingata ni mtu aliyekosa mama. Kwa hiyo mama yangu aliona aibu. Mtoto wake anapita barabara zote za Kasulu na kitu kigumu kichwani, hana ingata, watu watasema nini? Akachana kitenge chake cha kijani, kile cha kuendea kanisani, akakiviringa kwa uangalifu mkubwa, duara dogo lililobana vizuri, akalishonea ndani ya kofia kwa uzi wa gunia.

Nikavaa. Loo! Sikuamini. Plastiki ikainuka juu ya kovu, haigusi kitu. Kofia ikakaa juu ya kichwa imetulia kama chungu, haitikisiki nikitembea, na nina shingo ya mtoto wa Muha, najua kutembea na kitu kikatulia. Niliendesha hadi mjini na kurudi bila kichwa kuuma. Vilima vilevile, vumbi lilelile jekundu, lakini nilikuwa nimeanza tena kusikia ndege. Jioni nilimwambia mama, "Umeniponya." Akasema, "Ningekuponya tangu siku ya kwanza, wewe unapenda kusikiliza watu wa ofisini."

Msimu mzima wa mvua niliendesha hivyo. Jirani yetu, mama mwenye maneno mengi, alikuwa akiniona napita anapiga kigelegele kidogo, anasema nimependeza kama bibi harusi. Mama naye kila asubuhi anauliza, "Ingata imekaa?" Namjibu imekaa. Nilikuwa sijipimi tena maneno kabla ya kulala.

Aliyeharibu raha hiyo ni mwenzetu wa kazini, Mkongo, dada mdogo kwangu kwa umri, aliyekulia kambini Nyarugusu na anatusaidia upande huo. Asubuhi moja tuko uwanjani pa ofisi tunapakia mizani kwenye baiskeli, naye ananitazama, anainamisha kichwa huku, anakiinamisha kule.

"Yaya," akasema, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, "hii kaske yako haikukamate. Iko juu ya kichwa sawa dishi."

"Dishi mwenyewe," nikamwambia. "Imekaa vizuri, haiumi."

"Ngoja nione." Na kabla sijasema ndiyo wala hapana, akaweka kiganja mbele ya kofia akasukuma kwenda juu. Hakusukuma kwa nguvu. Kofia ikaondoka kama kifuniko cha sufuria, ikaenda ikanining'inia kisogoni, mkanda ukanikaba koo, na paji langu la uso lote, kovu na mengine, likabaki wazi mbele ya uso wake.

"Ona," akasema. "Ukianguka, kichwa kinafika chini peke yake. Kaske inafika nyuma yake."

Nilimfokea. Nilimwambia akome kunishika kichwa, akamshike mama yake. Wenzetu wakageuka. Yeye akaendelea kufunga mizani yake. Nami nikabaki nimesimama pale nimeshika kofia, na ndani ya moyo baridi imeniingia, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa. Mvua zote zile, miteremko yote ile, nilikuwa napita na paji wazi kama siku ile ya Kumsenga, tena nikiwa na furaha.

Ilibidi nimfuate. Kuomba radhi sikujui vizuri, nikamwambia tu, "Haya, nionyeshe." Akakata uzi wa gunia kwa meno, akatoa ingata, akanikabidhi bila kuuliza ni ya nani. Akaishusha kofia mpaka ikabaki upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Akakaza kigurudumu cha nyuma kidogokidogo huku akiniambia nitikise kichwa, tukatafuta mahali ambapo ikitembea inatembea na ngozi yangu. Mikanda akaisawazisha ikutane chini ya masikio. Ya kidevuni akaacha nafasi ya kidole tu. Sponji ya mbele akaisogeza pembeni ili kovu lipate pa kupumulia. Akasukuma tena. Safari hii kofia haikuondoka, ngozi ya paji ndiyo ilipanda nayo. "Sasa inakukamata," akasema. Na kovu likaanza palepale, tuk, tuk, tuk.

Nikafika nyumbani nikiwa na ingata mkononi. Mama alikuwa anaanua mihogo. Mimi maneno ya kuzunguka siyawezi, nikamwambia, "Mama, hii haifai. Inaifanya kofia itoke. Nikianguka nakufa."

Akaitazama ingata, akanitazama mimi. "Nani kasema?"

"Mwenzangu wa kazini."

"Yule Mkongo." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na mama akishusha sauti ujue mambo yameharibika. "Mimi nimebeba tangu sijaota meno ya ukubwani. Sijawahi kuvunja chungu. Leo nafundishwa kichwa na mtu wa kambini."

"Si habari ya chungu, mama."

"Ni habari ya nini?"

Nikashindwa kueleza. Nilijua kwa mkono, kwa kusukumwa, si kwa maneno, na Kiha chetu hakina neno la kofia ambayo kazi yake ni kupigwa. Nikajibu kwa ukali kwamba basi, yaishe, sitaki tena ingata. Akainuka, akachukua mihogo yake, akaingia ndani.

Mama yangu akinuna hanuni kitoto. Chakula alipika, akanipakulia kwenye sahani yangu, yake akaiweka kwake. Sisi tumekula sahani moja tangu niliporudi. Asubuhi nilimsalimu "mwakeye", akaitikia kwa kuwaambia kuku. Na ile "ingata imekaa?" ya kila siku haikuja. Usingedhani mtu mzima anaweza kuumia kwa kutoulizwa swali. Mimi niliumia.

Huku kichwa nacho kinauma. Niliomba ofisini kofia ya saizi nyingine, ya kichwa kirefu, wakasema subiri, zitakuja. Nilivumilia, nikifika kijijini naivua, nakaa kivulini, ndipo naanza kazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wote walioniambia vumilia hawakuwa na kovu. Siku nyingine, naungama kwa Mungu wangu tu, nilikuwa natamani ile ingata. Naijua ni kifo, na bado naitamani, kwa sababu ilikuwa haiumi.

Kisha ikaja siku nilipokuwa namwelekeza mama mmoja namna ya kuchanganya unga wa karanga kwenye uji, nikanyoosha mkono nikasema, "Nipe hicho... nipe hicho..." Mwiko uko mbele yangu, mrefu, mweusi kwa moshi. Jina halikuja. Lilikuja baadaye nikiwa njiani, lakini kuendesha sikuthubutu tena. Nilishuka nikakokota baiskeli mpaka Heru Juu. Nikaingia ndani nikajilaza na viatu.

Mama aliniona. Nilimsikia anazungukazunguka uani, kisha akaingia ameshika kofia kwa mikono miwili, na ile ingata ya kijani juu yake. Akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakiweka magotini.

"Nivalishe," akasema.

"Mama, naumwa."

"Nimeona unaumwa. Nivalishe nijue ninachogombana nacho."

Nikaamka. Nikaiweka ingata ndani kama alivyokuwa ameishona, nikamvalisha, nikamfunga mkanda. Ilimkaa vizuri, wallahi. Alinyoosha shingo, akageuka huku na huku, kofia imetulia tuli. Nikaona fahari imemrudia usoni. "Haya," akasema, "alikufanya nini yule mtoto?"

"Alisukuma."

"Nisukume."

Sikuweza. Kwetu nyumbani hakuna mtoto anayegusa kichwa cha mzazi wake, labda siku ya kumwosha akiwa amekufa. Nilimwambia mama, hapana. Akaushika mkono wangu mwenyewe, akauweka mbele ya kofia. "Nisukume, nimesema. Au unataka tuendelee kula mbalimbali?"

Nikasukuma. Kofia ikamtoka, ikaangukia mgongoni, na kichwa chake kikabaki wazi mbele yangu, kidogo kuliko nilivyokifikiria, na ule upara wa katikati unang'aa. Mama akashtuka. Akapapasa paji lake la uso kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha hapo.

"Rudia," akasema. "Bila ingata."

Nikarudia bila ingata. Nikaishusha karibu na nyusi, nikakaza nyuma, nikafunga. Akakunja uso, maana ilimbana. Nikasukuma; haikutoka. Akaniambia nisukume zaidi. Haikutoka, yeye ndiye aliyeyumba kwenye kigoda.

Kisha akasema polepole, "Kumbe. Mimi nilidhani hiki ndicho mzigo." Akaigonga kwa kidole. "Kumbe hii ndiyo ingata. Mzigo ni kichwa."

Msimamizi alitusomesha asubuhi nzima habari za kofia na hakufika hapo.

"Kwa hiyo mvua zote zile," mama akasema, na sauti ikaanza kumkatika, "mimi nakuuliza imekaa, wewe unasema imekaa, nami nakuruhusu. Nilikuwa nakutuma ukafe."

"Hukujua, mama. Hata mimi sikujua."

"Wewe hujui kitu, wewe ni mtoto! Mimi ndiye najua mambo ya kichwa!" Akalia kwa hasira, machozi yanashuka na kofia iko kichwani, mikanda inaning'inia. Nami nikalia. Nikamwambia kile ambacho sijawahi kumwambia tangu Kumsenga: kwamba kufa sikuogopi sana, ninachoogopa ni kubaki hai nisijue jina la kijiko, nisijue jina lake, yeye na uzee wake aje aanze kunilisha. Nikamwambia habari ya mwiko. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifariji. Alivua kofia, akachukua ile ingata ya kitenge chake cha kanisani, akaenda nayo jikoni, akaitupa motoni. Nilisikia harufu ya nguo ikiungua. Usiku ule tulikula sahani moja.

Kofia ya kichwa kirefu bado haijaja. Hii niliyonayo inanikamata na inaniuma, na kila asubuhi mama anatoka mlangoni kabla sijapanda baiskeli, anaweka kiganja mbele ya kofia na kusukuma kwa nguvu zake zote.

"Inauma?"

"Inauma, mama."

"Basi nenda."

Juzi nilimwona amechoka, macho mekundu, hakulala vizuri. Nikasema nimpunguzie wasiwasi. Aliponiuliza nikamjibu, "Haiumi leo, mama." Akanishika mkono akanishusha kwenye baiskeli, akanifungua mkanda, akanivua kofia. Akaingiza vidole vyote ndani, anapapasa mbele, nyuma, pembeni, anatafuta ile ingata aliyoichoma mwenyewe.